HC-SR501 na bodi ya ESP8266: mlinzi wa banda la kuku, Rau

Sensa ya mwendo HC-SR501 nilinunua 6,000, bodi ya NodeMCU yenye ESP8266 (chipu ndogo ya kupangia programu, yenye waifai ndani) ikanila 22,000, kwenye kiduka kimoja hapa Moshi mjini. Kisa ni mayai. Kuku wa mama pale Rau wanataga, sisi tunakuta maganda.

Kuunganisha ni nyaya tatu: chanya kwenye pini ya bodi iliyoandikwa Vin, hasi kwenye hasi, na ya ishara kwenye pini ya D1. Ishara ya sensa ni volti 3.3, ndiyo hiyohiyo ESP8266 inayotaka, kwa hiyo huhitaji kuongeza kitu. Programu niliandika jioni moja: joto likisogea mbele ya sensa, napata ujumbe wa Telegram.

Usiku wa kwanza simu ililia mpaka betri ikaisha. Mama alitoka na panga mara mbili. Ya tatu akaniambia, "Baba, hii mashine yako inaota." Nikazungusha vile viskrubu viwili vya rangi ya chungwa, kimoja cha umbali (hufika kama mita 7), kingine cha muda wa ishara. Wapi! Kumbe tatizo nimelipika mwenyewe: nilibana sensa juu ya bodi ndani ya kopo moja, na redio ya waifai ikirusha mawimbi karibu hivyo, sensa inaweweseka. Nikaivuta kwa waya wa nusu mita. Kimya. Dukani hawakuniambia, ila nisiwasingizie, sikuuliza.

Umeme ukikatika na kurudi, ipe dakika moja itulie kabla ya kuiamini. Na mchana mabati yakipata moto huwa naizima tu.

Kinachoniudhi ni betri. Nilitaka itumie seli moja ya betri ya laptopu ya zamani, volti 3.7, lakini HC-SR501 inadai kuanzia 4.5. Sasa inakula chaja ya simu. "Bila waya" imebaki kwenye ujumbe tu. Ukitaka betri, chukua sensa nyingine ya mwendo, AM312, ndogo kama kidole, inaanzia volti 2.7.

Usiku wa nne, saa kumi alfajiri, ujumbe mmoja tu. Nikatoka na tochi. Mbwa wetu, tunayemlisha ugali na dagaa ili alinde hao kuku, anajilamba ute mdomoni.

Nyota nne. Mbwa tumemfunga upande wa mgombani.