Owino Uhuru: tuuchimbe udongo au tuufunike?

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini madini ya risasi yalibaki ardhini mtaani Owino Uhuru, Mombasa. Risasi haiozi.

Kufunika kwa udongo safi ni nafuu na haraka: vumbi linatulia, watoto wanacheza. Ila mtu akichimba msingi au choo, sumu inarudi juu. Na katika mtaa uliosongamana, watu huchimba kila mara.

Kuchimba udongo wenye risasi na kuuhamisha ni ghali. Malori yafunikwe turubai, na lipatikane shimo salama la kuutupa, mbali na visima vya watu wengine. Lakini kiwanja kinajengeka tena. Nyuani wanakotambaa watoto wachanga, mimi nachagua kuchimba. Barabarani, kufunika kunatosha.