Vidonge vya tunda la muujiza: ulimi wangu haukuwa na kosa

Wiki kadhaa zimepita na bado nina hasira. Nilinunua vidonge vya tunda la muujiza, lile tunda dogo jekundu lenye asili ya Afrika Magharibi ambalo hugeuza limao kuwa tamu. Nikamuuliza muuzaji vinatumiwaje. "Tia kwenye chai ya moto, kunywa, basi." Nikafanya hivyo hivyo. Nikang'ata limao. Ukali ule ule, machozi yakanitoka.

Nikarudi kwake kwa adabu: "Kaka, vidonge vyako havifanyi kazi." Akacheka. "Basi ulimi wako umekufa, dada. Wenzako wote wanavisifu."

Ulimi wangu umekufa! Kumbe yeye ndiye aliyeniharibia. Kinachofanya kazi katika tunda hili ni protini iitwayo mirakulini, na joto kali linaiharibu kabisa. Tena haina kazi tumboni. Lazima ienee ulimini na kung'ang'ania vipokezi vinavyotambua utamu. Hapo inatulia tu, husikii lolote, mpaka kitu chenye asidi kifike; ndipo inapoviamsha, nawe unaonja sukari ambayo haipo. Mtu anauza kitu hajui hata hilo?

Nilishaapa kuandika "msinunue". Halafu jioni moja nikakimumunya kimoja taratibu, nikakizungusha mdomo mzima mpaka kikaisha. Limao. Jamani! Tamu kama limelowekwa kwenye asali, na harufu yake ya limao iko palepale. Nikala la pili, la tatu. Mtindi uliochacha ukawa kama umetiwa sukari. Hata siki niliionja, na nikairudia. Kwa karibu saa nzima nilikuwa jikoni nacheka peke yangu, kisha ukali ukaanza kurudi kidogo kidogo.

Basi nunueni? Ngojeni kwanza. Kesho yake meno yote yalikuwa yamekufa ganzi na ulimi umechubuka. Asidi ya limao haikuwa imeondoka, ulimi tu ndio uliodanganywa, na mimi nimekula malimao kama machungwa. Hilo nalo hakuniambia!

Vidonge vyenyewe nimevipenda, siwezi kusema uongo, na vilivyobaki sigawi. Ila kwa muuzaji yule sikanyagi tena, hata anipe bure, mpaka aniombe radhi kwa neno lile.