Ziara ya Tula: bunduki nyingi, majibu hakuna

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu, leo naitapika.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka juzi au ule uliotangulia, nikiwa bado naishi Moscow. Nililipia ziara ya siku moja kwenda Tula, mwendo wa kilomita kama 180 kusini. Tangazo liliahidi kwamba tungeelezwa jinsi Stalin alivyoendesha viwanda vyake vya silaha. Nimekulia nyumba ambayo redio ilikuwa ikitaja "mpango wa miaka mitano" kila siku, sisi watoto tukadhani ni jina la mtu. Nikasema hii siikosi. Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Kuhusu makumbusho ya silaha tuliyopelekwa, lile jengo la umbo la kofia ya chuma ya wapiganaji wa kale, sina neno. Zuri. Tatizo langu lilikuwa na miguu miwili na skafu nyekundu, na ndilo lililoshika kipaza sauti.

Huyo mwongozaji alitupitisha kwenye makabati ya vioo kama mtu anayekimbizwa na mgambo. Peter Mkuu, 1712, kiwanda kikaanzishwa. Bunduki ya Mosin, 1891. Bastola ya Tokarev. Twende! Kila silaha alitusomea uzito wake na risasi zake, mambo ambayo mtu anayapata kwenye simu akiwa chooni. Nikavumilia. Tulipofika miaka ya 1930 nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote nikauliza: dada, nani alikuwa anaamua kiwanda kitengeneze silaha zipi, na akikosea inakuwaje?

Akanipima kuanzia viatu kwenda juu. "Mpango ndio ulioamua. Kwenu Afrika hamna mipango?"

Watu wawili wakacheka. Yeye akageuka, akaendelea na bastola.

Sasa namjibu hapa, maana pale ulimi ulinikwama. Boris Vannikov aliwahi kuwa mkurugenzi wa kiwanda cha silaha cha Tula hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo ya 1930, na dada hakumtaja hata kwa bahati mbaya. Mwaka 1939 wizara ya viwanda vya ulinzi ilipasuliwa vipande vinne: ndege, meli, risasi na makombora, silaha. Vannikov akapewa ya silaha. Kwenye karatasi kila kitu kimenyooka. Gosplan, ile tume ya mipango ya taifa, inagawa chuma na makaa, wizara inagawia viwanda idadi, viwanda vinaripoti juu.

Halafu, kwa maelezo ya Vannikov mwenyewe, mapema 1941 zikaja habari kwamba Wajerumani wanaongeza unene wa chuma cha vifaru vyao. Stalin akakumbuka mzinga wa milimita 107 aliouona Tsaritsyn, mji ambao leo ni Volgograd, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mzinga mzuri ule, huo ndio uwekwe kwenye vifaru! Na ile ya milimita 45 na 76 isimamishwe. Vannikov akapinga: ule wa Tsaritsyn si wa kifaru, na kuacha mizinga ambayo tayari inatoka viwandani ni hatari. Mwanzoni mwa Juni akakamatwa. Tarehe 22 Wajerumani wakavamia, na mizinga iliyosimamishwa ikatafutwa kama maji jangwani. Mwezi uliofuata Vannikov akatolewa gerezani akarudishwa kazini. Kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa na Dmitry Ustinov, kijana wa miaka 32, kwa hiyo baadaye akapewa wizara ya risasi, na mwaka 1945 akakabidhiwa kusimamia kazi ya bomu la atomiki. Mahabusu wa jana!

Haya, dada wa skafu, mpango hapo ulikuwa wapi? Ulikuwepo, sikatai, mpaka mzee mmoja akumbuke kitu cha ujana wake.

Aliyeniokoa siku hiyo ni bibi wa kutunza makoti. Alinisikia nikinung'unika kwa Kirusi changu cha kuokoteza, akaniita "mwanangu", akanisogezea kiti. Alifanya kazi kiwandani tangu usichana. Akaniambia mle ndani kulikuwa na afisa wa jeshi, voenpred, ambaye mkurugenzi hakuwa bosi wake. Kazi yake kupokea au kukataa. Bunduki ikiwa na kasoro, inarudi. Lakini viwanda hivyo hivyo vilitengeneza na vitu vya raia, pikipiki na vyombo vya nyumbani, na huko afisa hakuwepo. "Bunduki ilikuwa na mwenyewe," akasema. Na mwezi? Siku kumi za kwanza mnasinzia kwa sababu vipuri havijafika, kumi za mwisho hamlali, maana idadi isipotimia bonasi hakuna. Dakika kumi na tano za bibi zilinifaa kuliko saa tatu za kipaza sauti.

Nilitaka kutoa nyota moja. Kwa ajili ya bibi nikapanda hadi tatu, nikakumbuka kwamba kampuni haimlipi hata senti, nikashuka hadi mbili. Pengine hata namwonea yule dada. Huenda ana karatasi aliyopewa na bosi, na kwenye karatasi Vannikov hayumo.

Lakini ngoja. Tukiwa tunarudi, alipita ndani ya basi akigawa pryanik, zile keki za asali zinazoipa Tula sifa kama samovari zake, yale mabirika ya kuchemshia maji ya chai. Alipofika kwangu, siti ya nyuma, akasema zimeisha. Zimeisha vipi? Abiria tulihesabiwa tangu asubuhi!

Nyota moja. Na hiyo ni ya dereva, aliyenimegea nusu ya yake.