Maiki ya kondensa au ya dainamiki kwa studio ya chumbani?

Kwa ala za nyuzi kama udi au kanuni, kondensa haina mpinzani. Kiwambo chake, yaani utando unaotikiswa na sauti, ni chepesi mno, kwa hiyo hunasa hata mkwaruzo wa risha kwenye nyuzi na pumzi ya mwimbaji kabla hajatamka neno. Tatizo ni kwamba hunasa pia feni, tuktuk inayopita chini ya dirisha na watoto wa jirani. Vyumba vingi vya Mombasa vina kuta tupu na sakafu ya saruji, sauti inarudi kutoka kila upande. Na kuzima feni mwezi wa Februari, jamani, ni mateso.

Dainamiki, mfano Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, haina wepesi huo. Mwimbaji akiisogelea kwa upana wa vidole vitatu, sauti yake huzidi kelele za nje kwa mbali. Haihitaji umeme wa volti 48 kama kondensa, ila inataka geini kubwa, yaani sauti yake ikuzwe sana, na saundi kadi dhaifu (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ikipandishwa sana huanza kutoa mchakacho kama wa mvua.

Halafu kuna unyevunyevu wa pwani. Kondensa ikiingia unyevu hutoa milio midogo ya kupasuka. Ifungie kwenye kasha pamoja na vijifuko vya silika, zile chembe za kufyonza unyevu.

Kama unarekodi sauti za watu tu, anza na dainamiki. Kondensa inunue ukishatundika mablanketi mazito ukutani.