Okidi zilizosinyaa kutoka kitalu cha kando ya barabara: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: mimea yao nitarudi kununua, mchanganyiko wao wa kupandia siuchukui hata wakinipa bure. Mwenye nafasi na avute kiti.

Kitalu chenyewe kiko nje kidogo ya Kampala, katika vile vinavyopanga vyungu mpaka ukingoni mwa lami, malori yanapita na vumbi linatua kwenye majani. Mbele wameweka okidi zilizochanua, bei zinaanzia laki moja na ushee. Nyuma, chini ya turubai, kuna meza ya zilizochoka: maua yamepukutika, majani yamelegea na kufanya mikunjo. Hizo ni shilingi 35,000 moja. Mimi nilikuwa mgeni kabisa wa okidi, na sikuona sababu ya kujifunzia kwenye mmea wa laki. Nikachukua tatu, Phalaenopsis mbili na Dendrobium moja.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. "Nnyabo, hizi zina kiu tu," akaniambia. "Ukifika nyumbani zimwagie maji ya kutosha, utaona zinaamka." Nikamwomba kwanza nizitoe kwenye vyungu nione mizizi. Hakununa, wala hakuniuliza kama nanunua au nachezea bidhaa yake. Akatandika gazeti mezani, akanisaidia kuzichomoa. Kwa hilo namvulia kofia. Wauzaji wengine ukigusa chungu tu unaambiwa umekinunua.

Ila hiyo kauli ya kiu ndiyo inayomaliza okidi nyingi mikononi mwa wanaoanza. Majani ya Phalaenopsis husinyaa kwa sababu mbili zinazopingana: ama maji hayakutolewa, ama yalitolewa mno mpaka mizizi ikaoza, na mmea usio na mizizi haunywi hata ukiutumbukiza kwenye pipa. Ukitazama majani peke yake huwezi kujua ni lipi limetokea. Lazima uende chini.

Chini kwangu kulikuwa na yote mawili kwa pamoja. Katikati ya chungu kulikuwa na donge la sfagnamu, kile kimea laini cha kwenye vinamasi kinachouzwa kikiwa kimekaushwa, limeshindiliwa tangu mmea ulipokuwa mchanga kwa mkulima wake. Donge la namna hiyo likishakauka kabisa linakataa maji: unamwagia juu, maji yanateleza pembeni na kutoka chini, katikati pamebaki pakavu vilevile. Kulizunguka, kitalu kilikuwa kimejaza udongo mweusi wenye samadi, uleule wanaowekea mawaridi. Basi mizizi ya ndani ilikufa kwa ukavu, ya nje ikafa kwa tope.

Mzizi uliokufa haujifichi. Unaubonyeza kwa vidole, unanywea, unatoa maji ya kahawia au hauna kitu ndani. Ukiuvuta taratibu ganda la nje linachomoka lote na kukuachia uzi mwembamba mgumu. Mzizi mzima ni mnene, mgumu kiasi, na ukiwa mkavu una rangi ya fedha. Ukiulowesha unageuka kijani mbele ya macho yako. Hilo tabaka la nje linafanya kazi kama sponji: linanyonya maji haraka, kisha linataka kukauka na kupata hewa. Okidi hizi porini hukaa juu ya miti, mizizi ikiwa imeshika gome na kuning'inia upeponi. Kuzifukia kwenye udongo wa samadi ni kuziziba pumzi.

Nyumbani Bombo nililofanya ni hili. Niliondoa udongo wote na lile donge lote, kwa subira, chini ya bomba lililofunguliwa kidogo. Mkasi niliupitisha kwenye moto wa jiko, ukapoa, nikakata kila kilichonywea, na kabla ya kugusa mmea mwingine nikaupitisha motoni tena, maana magonjwa ya okidi husafiri kwa mkasi. Bua la maua lililobaki kwenye Phalaenopsis moja nililikata pia. Lilikuwa na vichipukizi viwili na mkono uliniwia mzito, lakini mmea usio na mizizi ya kutosha hauna haki ya kuchanua. Kisha nikaloweka mizizi kwenye beseni la maji ya mvua kwa muda wa nusu saa, majani yakiwa juu ya maji. Hapo kwenye kitovu, pale majani yanapokutana, maji hayatakiwi kulala. Yakilala usiku kucha panaoza, na Phalaenopsis ina kichwa kimoja tu.

Phalaenopsis ya kwanza ilibaki na mizizi mizuri ya kutosha, ikarudi kwenye chungu. Ya pili ilibaki na miwili mifupi. Hii niliifanyia ule mpango wa kavera, yaani mfuko wa plastiki: sfagnamu mpya iliyolowekwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi hata tone, ikatandazwa chini ya kavera kubwa jeupe linalopitisha mwanga, mmea ukalazwa juu yake, mdomo ukafungwa nusu, na kavera likawekwa kwenye kivuli chenye mwanga. Unyevu wa ndani unapunguza maji yanayopotea majanini, na mizizi inashawishika kutoka. Kila asubuhi nililifungua kupitisha hewa na kuangalia ukungu. Tahadhari moja: jua likilipata kavera hilo, mmea unachemka. Joto la ndani linauua kweli.

Kuhusu vifaa sasa, maana hii ni tathmini na watu wanataka kujua pesa iende wapi. Kitalu kinauza mfuko wa "udongo wa okidi" kwa 15,000. Nilifungua mmoja palepale: maranda ya mbao, samadi na mchanga. Maranda yanaoza upesi na kushikana, mchanga unaziba nafasi za hewa. Hapana. Badala yake nilipata maganda ya msonobari kwa mpasua mbao, ambaye kwake ni takataka, nikayachemsha na kuyakatakata saizi ya ncha ya kidole. Nikachanganya na chenga za makaa, zile zinazobaki chini ya gunia, baada ya kuzichekecha na kuziosha vumbi. Makaa hayaozi, na Uganda makaa si ya kutafuta. Chungu nilitumia makopo ya plastiki yanayoonyesha ndani, nikayatoboa chini na ubavuni kwa msumari wa moto. Kopo la kuona ndani limenifundisha kumwagilia kuliko mtu yeyote: mizizi ikiwa ya fedha na ukungu wa maji umeisha ubavuni, mwagilia, ikiwa ya kijani, acha. Liwe dogo, la kutosha mizizi tu. Chungu kikubwa kinabaki na maji katikati na unarudi kulekule kwenye tope.

Walijaribu pia kuniuzia chupa ya mbolea ya majani na dawa ya kung'arisha majani. Zote niliziacha. Mmea uliokaukiwa haulishwi. Chumvi za mbolea zinaunguza mizizi michache iliyobaki. Mbolea ni baada ya ncha mpya kuonekana, na hapo unaipunguza iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ya kung'arisha ni mafuta tu, yanaziba vinyweleo vya jani. Kitambaa chenye maji kinatosha, na ukifuta geuza jani uangalie chini, kwenye vikunjo, kama kuna wadudu weupe wanaofanana na unga. Dendrobium yangu ilikuja nao. Pamba yenye spiriti iliwamaliza, nikairudia wiki iliyofuata kwa ajili ya waliototolewa.

Mapishi ya mtandaoni nayo ni mengi. Maji ya sukari: yanalisha kuvu kabla ya kulisha mmea. Vipande vya barafu: kwa mmea wa nchi za joto, ya nini? Mdalasini wa unga: sawa kwenye kidonda cha mkasi kilichoko juu, lakini usiupake kwenye mizizi mizima, unaikausha, na wewe unahangaika kuirudishia maji.

Mtu aliyenisaidia hasa ni jirani yangu, mama mmoja ambaye kwao Mukono wanalima vanila. Alipita barazani, akaishika ile mizizi ya kijani, akacheka. "Mwanangu, mbona hii ni vanila?" Na kweli vanila ni okidi, inatambaa juu ya mti kwa mizizi ya aina hiyohiyo. Kwao wanaipandisha kwenye mbono kaburi na kuiweka katika kivuli cha nusu, chini ya migomba au miti ya kahawa. Akanihamishia makopo yangu kutoka dirisha la magharibi, ambako jua la saa tisa linachoma, mpaka upande wa mashariki chini ya ukingo wa bati, yapate jua laini la asubuhi basi. Akaniambia pia nimwagilie asubuhi, jioni ikute majani makavu. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari, upepo mkavu ukianza, huwa naweka trei ya kokoto na maji chini ya makopo, vitako visiguse maji.

Matokeo? Dendrobium ilitangulia. Ina mashina manene yanayotunza maji, kwa hiyo ilikuwa na akiba. Mikunjo kwenye mashina ilijaa kwanza, kisha ikatoa kitoto chenye mizizi yake juu ya shina kuukuu, jambo ambalo Dendrobium hupenda kufanya ikishtuka. Phalaenopsis ya chunguni ilichukua miezi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa wanatazama majani ya zamani. Majani yale hayakunyooka mpaka leo na hayatanyooka. Tazama ncha za mizizi, zikianza kung'aa kijani au wekundu, na jani jipya katikati likitoka gumu na laini usoni. Yangu limetoka. Ile ya kavera ilitoa mzizi mmoja mpya, halafu kitovu kikawa cheusi na majani yakadondoka kwa kuguswa tu. Ilikuja dhaifu mno. Kwa mizizi miwili mifupi, singemshauri anayeanza kulipa hata elfu kumi.

Kwa hiyo maksi: huduma tano kwa tano, mimea tatu kwa tano, mchanganyiko wa kupandia sifuri. Bei ya 35,000 ni halali kama mmea una mizizi minne mizima au zaidi na kitovu kigumu, jani likunjamane litakavyo. Ukiikuta hivyo, omba wakupunguzie kidogo na uwaachie chungu na udongo wao. Mimi walinitolea elfu tano. Na ukikuta mezani okidi yenye kipande cha gome la mti mbichi kimeng'ang'ania mizizini, hiyo imebanduliwa msituni. Iache. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe wa porini, na mbali na sheria, za namna hiyo haziishi sana barazani.

Nitarudi kabla ya mvua za Machi, kutafuta Dendrobium nyingine. Phalaenopsis nitanunua mbele, ikiwa na maua yake, siku nitakapokuwa na laki ya kuchezea. Kile kitoto jirani ameshakichukua, kakifunga kwenye mwembe wake.