Draiva ya amdgpu na vipimo vya joto la kadi ya michoro kwenye Linux

Mwenye kadi ya michoro ya Radeon, inayotengenezwa na AMD, kwenye Linux hahitaji kusakinisha programu ya mtengenezaji ili ajue joto lake, kwa kuwa draiva ya amdgpu, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, huviweka vipimo wazi kama mafaili ya kawaida chini ya /sys/class/hwmon. Ukifungua temp1_input ukakuta 54000, hizo ni nyuzi 54 za Sentigredi, maana hesabu huandikwa kwa sehemu za elfu. Asiyependa hesabu hiyo ataitumia amri ya sensors, inayoyasoma mafaili hayo na kuonyesha nyuzi zenyewe.

Ninachoisifia zaidi draiva hii ni kwamba haifichi kitu. Kadi za kujitegemea (zisizo sehemu ya prosesa) za kuanzia kizazi cha Radeon kiitwacho Vega hutolewa vipimo vitatu: edge ni joto la ukingoni mwa chipu, junction ni la pale palipo moto kuliko pote ndani yake, na mem ni la kumbukumbu. Cha kutazamwa kwanza ni junction. Anayeangalia edge peke yake anaweza kuona 75 akaridhika, ilhali ndani chipu imeshavuka 95. Na pengo hilo likizidi kupanuka mwezi hadi mwezi, mara nyingi pasta ya kupitishia joto imekauka au kipoza hakikukaza vizuri. Hata hivyo, namba kubwa si lazima iwe hatari: mwaka 2019 AMD yenyewe ilieleza kwamba junction ya nyuzi 110 kwenye kadi yake ya RX 5700 imo ndani ya kiwango kilichokusudiwa.

Kwa kulinganisha, draiva rasmi ya kadi za NVIDIA haipiti njia ya hwmon, hivyo sensors haiioni kadi hiyo kabisa, na mtumiaji hulazimika kutumia nvidia-smi, amri ya NVIDIA yenyewe. Task Manager ya Windows 10, iliyoanza kuonyesha joto la kadi mwaka 2020, hutoa namba moja tu.

Kero iliyobaki ni ndogo lakini inaudhi. Folda ya kadi iliyoitwa hwmon2 leo yaweza kuwa hwmon4 kompyuta ikiwashwa upya, na skripti ya kuongoza feni iliyoandikiwa namba ya zamani itaanza kusoma joto la diski bila kulalamika. Skripti inayofaa hulisoma kwanza faili la name lililomo katika kila folda, na haiendelei mpaka ikute neno amdgpu.