Upasuaji wa utumbo wa mtoto: tathmini ya huduma tuliyopata hospitali ya rufaa

Mwanangu alizaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huwa haina seli za neva, hivyo choo hukwama na tumbo huvimba. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wengi wao wa kiume, na mara nyingi huanza kujionyesha pale mtoto mchanga anapopitisha saa 48 bila kutoa kile choo cheusi cha kunata. Kituo alikozaliwa kilituruhusu kurudi nyumbani bila mtu yeyote kutuuliza kama amepata choo.

Hospitali ya rufaa ilifanya kazi kwa umakini mkubwa. Kipande kidogo cha nyama kilichukuliwa kwenye njia ya haja kubwa kwa ajili ya maabara, akawekewa kolostomi, yaani tundu tumboni la kutolea choo, ili tumbo lipungue na aongezeke uzito, na baadaye sehemu isiyo na neva ikaondolewa, utumbo wenye afya ukashushwa chini na kuunganishwa, kwa misingi ambayo daktari wa upasuaji Orvar Swenson na wenzake waliieleza huko Boston, Marekani, mwaka 1948. Daktari bingwa alituchorea utumbo nyuma ya fomu ya ridhaa, akaonyesha kwa kalamu mahali atakapokata, na hakutuficha kwamba hata upasuaji ukienda vizuri wapo watoto wanaobaki na choo kigumu au kujichafua kwa miaka kadhaa. Ukweli huo, uliosemwa mapema na kwa upole, ulitusaidia sana.

Wauguzi nao wanastahili sifa. Mmoja wao alisimama na mama wa mtoto hadi alipoweza mwenyewe kusafisha kolostomi kwa maji ya uvuguvugu, kukausha ngozi bila kuisugua, na kupaka krimu ya zinki ilipobabuka. Mifuko ya kolostomi, hata hivyo, tulijinunulia nje kwa bei inayoumiza, na wodini walikuwapo akina mama waliofunga vipande vya kanga kwa kukosa fedha.

Upungufu mkubwa niliouona ni baada ya kuruhusiwa. Utumbo wa watoto hawa unaweza kupata uvimbe mkali hata baada ya upasuaji, na hali hiyo huweza kuua haraka. Mwanangu alipopata homa, tumbo likajaa na choo kikawa cha majimaji chenye harufu kali, zahanati ya jirani ilimpa maji ya chumvichumvi kama mtoto yeyote anayeharisha, kwa kuwa hatukuwa na maandishi ya kuwaonyesha. Tuliwahi kurudi hospitali, akasafishwa utumbo na kupewa antibiotiki, akapona.

Leo anapata choo mwenyewe na anakua vizuri. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii ningemshauri aende huko bila kusita, ila asitoke wodini kabla ya kupewa namba ya simu ya wodi na dalili za hatari zilizoandikwa kwenye kadi ya mtoto.